Miguu ya Nyuma

Picha ya chupi ilishawafikia wanadarasa wote kabla rafiki yangu, fundi cherehani mwenye kitambi kama changu, hajagundua kwamba ameituma kwenye kundi la simu la darasa badala ya kwa mwalimu. Alikuwa akijifunza kuchora wanyama wa kubuni, na sharti la mwalimu ni kwamba kila kiungo kitokane na picha ya kweli. Kichwa na miguu ya mbele alichukua kwa mbuzi. Ya nyuma alijipiga picha mwenyewe, amevaa chupi tu. Walivyomcheka, akaapa kwamba kesho mnyama huyo atatundikwa ukutani, wakome.

Jioni, yuko kitini anamalizia mchoro kwa mkaa, umeme ukakatika. Gizani akasikia kwato zikigonga sakafu, ko, ko, na nyuma ya kwato hizo miguu mitupu ikiburuzika.

Taa ziliporudi, vumbi la mkaa sakafuni lilikuwa na alama: kwato mbele, nyayo za mtu nyuma, kidole gumba kimepinda kama chake.

"Chana karatasi hiyo, baba watoto!" mkewe alisema kutoka mlangoni.

"Sichani ng'o! Nimemchora mwenyewe, halafu nimwogope? Tena ameshaondoka."

Mkewe akazifuata zile alama kwa macho.

"Zimeishia nyuma ya kiti chako."