Mguu wa Kushoto wa Wendell Baugher

Wendell Baugher alifungua mlango wa gari lake akakuta pedali ya klachi imelala sakafuni. Kitini hapakuwa na mtu. Injini ilikuwa ya baridi na funguo zilikuwa mfukoni mwake. Pedali ile, ambayo yeye mwenyewe huikanyaga kwa kukunja uso, ilikuwa imezama mpaka chini. Akaitazama. Ikaanza kupanda, taratibu, kama inavyoachiwa na dereva mzuri aliyesimama mlimani, ikarudi mahali pake.

Wendell akajiambia ni springi mpya, bado hazijazoea. Mtu wa aina yake hakosi maelezo.

Sisi wa Middletown tulimzoea hivyo. Alikuwa ameuza mazulia maisha yake yote, na alipostaafu akanunua gari la mwaka 1969, jekundu, la milango miwili, lenye injini ya silinda nane inayonguruma hata ikiwa imesimama. Kila Jumamosi aliliegesha mbele ya nyumba, boneti wazi, ili wapitao waone. Kuliendesha hakujua. Taa zikiwaka kijani gari lilirukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, halafu likamzimikia katikati ya barabara, watu nyuma wakipiga honi. Mkewe Corinne alikulia kwenye shamba la tumbaku huko Kentucky, akiendesha trekta na lori la baba yake tangu miguu haijafika vizuri kwenye pedali, na mara nyingi yeye ndiye aliyeliingiza gari gereji mume akishachoka kulizimisha. Wendell hakupenda jambo hilo litajwe.

Haukupita msimu akawa ameiunguza klachi yote. Akikanyaga mafuta, injini inapiga kelele na gari linatambaa. Akalipeleka kwa Orville Tackett, fundi mwenye gereji nyuma ya kiwanda cha karatasi kilichofungwa. Orville akamweleza kwa upole. Kuna klachi ya kawaida, laini, kama ile iliyotoka na gari kiwandani. Kuna yenye springi ngumu zaidi, kwa mtu anayetaka nguvu. Halafu kuna ya mashindano, yenye vipande vya chuma, ambayo haina katikati. Imeshika au imeachia, na mguu usiojua kuibembeleza utavunja giaboksi.

"Wewe ya kawaida inakutosha," akamaliza.

Wendell aliisikia ile "wewe". Akamjibu kwamba ya kawaida awafungie bibi zake. Corinne, aliyekuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema fundi anasema kweli, na hapo ndipo Wendell alipokata shauri.

Akaenda kwenye mnada wa spea kuukuu, akarudi na klachi ya Gaylord Sizemore. Mpenda mbio yeyote wa upande ule wa Ohio aliwahi kusikia habari za Sizemore: kijana mwenye dharau, aliyewacheka washindani wake hata kabla ya kuwashinda. Alifia ukutani, mwisho wa uwanja wa mbio. Waliomtoa walikuta mguu wake wa kushoto umekandamiza klachi, umekaza kiasi kwamba iliwabidi waing'oe pedali pamoja naye. Shemeji wa marehemu ndiye aliyekuwa amehifadhi mabaki ya gari. Hakutaka hata kujadiliana bei na Wendell. Alimsihi tu asiirudishe.

Orville aliipokea sahani ile ya klachi akaiweka chini upesi. Ilikuwa ya moto, ingawa ilikuwa imesafiri ndani ya buti la gari siku ya theluji. Akakataa kuifunga. Wendell akasema basi ataifunga mwenyewe uani. Orville akamtazama Corinne, akawaza mwanamke huyu atapanda gari lililofungwa na mpumbavu, akavaa glavu akaifunga.

Sasa tangu siku ile ya pedali, nyumba ikaingiwa na harufu. Corinne akikaanga mayai asubuhi anasikia harufu ya klachi inayoungua, ile harufu kali inayokwama kooni, akafungua oveni, akanusa soketi za umeme, akateremka gereji akakuta gari baridi kama jiwe. Aliporudi mezani alisikia mlio mwembamba wa chuma kinachosagana, unaopanda na kushuka, na alipoinama kutazama chini ya meza aliona mguu wa kushoto wa mumewe, ndani ya soksi ya kijivu, ukikandamiza sakafu na kuachia, ukikandamiza na kuachia, na kila ukishuka mlio unapanda, na juu ya meza mwenye mguu anapaka siagi mkate wake hana habari.

"Wendell," akanong'ona, "mguu wako."

Akatazama. Akaushika kwa mikono miwili, akaulalia kwa uzito wake wote, na mguu ukamnyanyua na kumshusha kama mtoto kwenye bembea.

Mtu mwingine angekimbilia kuomba msaada. Wendell alikwenda kuendesha. Kwa maana mguu ule ulijua kazi; gia zilipita kama kisu kwenye siagi, gari likatoka kwenye taa likinguruma vizuri, na watu wa mgahawani wakageuka kutazama. Akaingia mle ndani kifua mbele, akasema siri yote ni klachi ya kiume na mguu wa kiume. Tulimsikiliza. Mguu wa kiume ulikuwa unachezacheza chini ya meza wakati huo huo, na mhudumu aliyemletea kahawa alirudi nyuma hatua moja.

Mchana mmoja alimchukua Corinne amwonyeshe. Walikusudia kwenda kwa dada yake Corinne, lakini kwenye njia panda mguu ukakandamiza, gia ikabadilika, gari likakata kona kuelekea uwanja wa zamani wa mbio, uliofungwa siku nyingi, majani yameota kwenye lami, na Wendell akaanza kusema si mimi, si mimi, huku mguu wa kulia nao umekwisha kufuata mwenzake, na ukuta wa mwisho, mweupe, ukikua mbele ya kioo, na kutoka chini ya dashibodi, si kwenye redio, kicheko cha kijana mwanamume kikapanda pamoja na injini, mpaka Corinne alipomrukia mumewe mapajani, akazima ufunguo kwa mkono mmoja na kuvuta breki kwa mwingine, na gari likaserereka likasimama, bampa limegusa ukuta kama linaubusu.

Jumapili ile Orville aliwapeleka kwa Reva Combs, mchungaji wa kike wa kanisa dogo la matofali, aliyejulikana kwa kuwafukuza pepo. Alingoja waumini waondoke, akapiga magoti mbele ya Wendell, akaushika mguu uliokuwa ukikanyaga sakafu ya kanisa, akauliza ni nani yumo.

"Mnanijua," ikajibu sauti ya ujana, ya kukwaruza, kutoka kinywani mwa Wendell.

"Umemwingia huyu kwa nini?"

"Huyu?" Sauti ikacheka kwa dharau. "Nani amtake huyu? Ananikanyaga kama anaua mende."

Wendell aliyasikia maneno hayo yakitoka kwake mwenyewe, na machozi yakamtiririka. Reva akamwamuru pepo atoke. Alikuwa amejiandaa kwa kazi ya jioni nzima, jasho na kelele. Pepo akatoka mara moja. Mguu ukaanguka kama gunia, na Reva akabaki ameinama pale chini, uso umemkunjamana, kwa kuwa hajawahi kuona pepo akitii kwa urahisi namna ile. Corinne alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, mkono wake begani kwake.

Orville aliing'oa klachi akaizamisha kwenye maji ya machimbo ya kokoto, akafunga ya kawaida. Wendell hakuligusa tena lile gari. Mguu wake ulikonda, ukawa hausikii sindano, na madaktari wakamtaka aende hospitali ya Dayton.

Corinne alimpeleka kwa gari lao dogo la kila siku, lenye gia za kujibadilisha na pedali mbili tu. Kwenye barabara kuu Wendell alihisi gari likichukua mwendo kwa wepesi wa ajabu. Akatupa macho chini. Mguu wa kushoto wa mkewe ulikuwa unainuka, ukashuka juu ya zulia tupu, pasipokuwa na pedali yoyote, ukazama taratibu mpaka mwisho, na gari likabadilisha gia, laini, bila kutikisika.

"Corinne," akasema kwa sauti ndogo. "Punguza, mama."

Hakugeuka. "Kaa kimya wewe," ikasema sauti ya kukwaruza. "Huyu anajua."

Wakaipita njia ya kutokea ya hospitali, na mguu ukashuka tena.