Nyumba ya Wanza, Njiru

Jumamosi tarehe 15 Juni 2019 ndiyo siku Zedekiah aliharibu mapenzi yake, na aliyaharibu kwa adabu. Alinyoa ndevu, akavaa suti ya kijivu, akabeba sukari na mkate, akaenda kumwona Matheka, ndugu ya marehemu mume wa Wanza. Kwao Siaya mjane hachukuliwi kimyakimya. Unaenda kwa watu wa marehemu, unaongea.

“Nataka kumuoa Wanza,” akasema.

Matheka alitabasamu hadi magego yakaonekana. “Karibu chai, ndugu yangu. Hiyo ni habari njema sana.”

Zedekiah akarudi kwake mtaa wa Baba Dogo akipiga mluzi.

Walikuwa wamekutana Eastleigh mwezi wa pili, ndani ya duka la vitambaa lililojaa watu, kila mmoja ameshika ncha ya jora moja la zambarau. Wanza alivaa gauni la rangi ya haradali na hereni za shaba.

“Achilia, baba. Mimi nilishika kwanza.”

“Ni ya harusi?”

“Ni ya mabango. Tunapigana na sheria zinazoonea wanawake.”

“Za Kenya?”

“Za dunia nzima. Kuna nchi mama hawezi kumpa mtoto uraia wake. Na hapa kwetu pia tuna zetu, usijali. Wewe unataka ya nini?”

“Pazia. Tangu mke wangu afariki, majirani wanaona vile naunguza ugali.”

Alicheka, akaagiza Zedekiah akatiwe mita mbili. Tangu hapo simu hazikulala.

Sasa Jumapili asubuhi ikalia nyingine.

“Zeddy, ulienda kwa Matheka?”

“Nilienda kama mwanaume, nyar Machakos,” akasema, akimwita binti wa Machakos kwa Kijaluo.

“Amekuja na fundi, ananibadilishia kufuli ya geti. Anasema nikiolewa nyumba ni yake.”

“Kivipi, na mlijenga wewe na marehemu?”

“Sheria ndiyo inasema. Sina mtoto, wakwe walishakufa. Nikiolewa na mtu yeyote, haki yangu ya kukaa hapa imeisha. Inaenda kwa ndugu ya mume. Mbona hukuniuliza?”

“Sikujua. Mimi nikioa tena, hakuna wa kunitoa kwangu.”

“Wewe ni mwanaume,” akasema, akakata.

Ndivyo wakubwa wetu walivyokaa kwenye viti laini, wenye nyumba tatu tatu, wakaamua mjane ni mgeni tu. Mke wako akifa wanakuletea pole. Mume wa mwanamke akifa wanamletea masharti.

Wanza aliamini Zedekiah ameelewana na Matheka wamtoe nyumbani. Zedekiah naye aliona mama huyu anapenda mawe ya nyumba kuliko mtu. Lakini kila akijaribu kumkasirikia, hasira ilipanda kwenda kwa wale wa juu walioandika sheria. Mwisho akavaa suti ile ile, akarudi Njiru, akamkuta Matheka kwenye geti la Wanza.

“Matheka, hakuna harusi. Nimerudisha maneno yangu. Toa kufuli yako.”

“Umeachwa?” Matheka akacheka.

“Niachwe, nisiachwe, hajaolewa. Toa.”

Wanza alisikia yote kutoka dirishani. Kufuli ilipotoka, akapiga simu, Zedekiah akiwa bado barabarani.

“Kwa hivyo umenikataa mbele ya majirani.”

“Ili ubaki na nyumba, mpenzi.”

“Mjinga wangu,” akasema taratibu. “Kesho tuna mkutano wa zile sheria kwa ukumbi. Vaa hiyo suti, lakini piga pasi. Inaonekana kama imelala kwa ng’ombe.”

Ukumbi ulijaa kina mama mpaka mlangoni. Mheshimiwa mbunge alikaa mbele, ameahidi kusikiliza. Wanza, gauni jeupe, midomo myekundu, alishika kipaza sauti kwa mkono mmoja na mkono wa Zedekiah kwa mwingine.

“Mheshimiwa, huyu ni Zedekiah. Namtaka, ananitaka. Akinioa leo, yeye hapotezi hata kijiko.”

Kina mama wakapiga vigelegele. Mheshimiwa akainamia simu yake.

“Usiangalie simu, baba, niangalie mimi. Nikimwambia huyu ndiyo, kesho nyumba niliyojenga ni ya nani, na ni nani kati yenu aliamua hivyo?”