Kiwanja Kisichoingiwa na Mtu

Kila siku baada ya masomo, Kezia Whitlow alimchukua mdogo wake Amos kutoka chekechea, kisha wakashika njia ya mkato. Walipenya kwenye tundu la ua wa waya, wakakatiza kiwanja cha kilichokuwa kiwanda cha betri, wakatokea nyuma ya nyumba yao, Mtaa wa Garnet. Kiwanda kilifungwa kabla Kezia hajazaliwa. Yalibaki matofali, magugu na udongo mweusi. Watoto wakubwa walicheza besiboli pale. Amos, wa miaka mitano, alipenda kuchimba kwa kijiko.

Bibi Odessa, aliyewalea, alikuwa amewakataza kabisa.

"Mmepitia wapi leo?"

"Barabarani, Bibi," Kezia alijibu bila kupepesa macho.

Mwaka huo mji wa Brackett, Ohio, ulipata fedha za serikali za kupima kama kuna sumu kwenye udongo wa viwanja vilivyoachwa na viwanda. Zilitosha kiwanja kimoja tu. Wakazi wa Garnet walijaa kwenye ukumbi wa maktaba kusikiliza, wakiwa na hakika kwamba zamu yao imefika.

Bwana Haskell, msimamizi wa ardhi ya mji, alitandaza ramani. "Tutaanza na stesheni ya zamani. Kuna mtu anataka kujenga hoteli pale."

"Na sisi?" Bibi Odessa aliuliza. "Tumesubiri miaka kumi na minane!"

"Bi Whitlow, nawaelewa. Lakini kiwanja chenu kina ua mzima. Hakuna mtu anayeingia humo. Hakina haraka."

Ukumbi ulilipuka.

"Ua mzima? Umekwenda lini kuuona?" alifoka Mzee Hruska, aliyefanya kazi kiwandani pale hadi mapafu yakamsumbua.

"Ripoti ndivyo inavyosema. Kama kuna anayeingia, ajitokeze aseme."

Kezia aliwatazama watoto wenzake waliokuja na wazazi wao; kila mmoja alikuwa akiangalia viatu vyake. Kusema ni kujifunga mwenyewe mbele ya Bibi. Akamtazama Amos aliyesinzia kitini, kucha zake zimejaa uchafu mweusi. Hasira ikampanda. Akasimama.

"Mimi naingia. Kila siku! Na huyu mdogo wangu. Tundu la ua linapitisha hata baiskeli. Wewe unasema hakuna mtu. Kwani sisi si watu?"

Bwana Haskell aliinamia ramani yake.

"Hata mimi naingia," alisema Dashiell, jirani yao. "Tunacheza besiboli humo."

"Na mimi!" "Na mimi!" Watoto tisa walisimama. Kezia hakuthubutu kumtazama Bibi.

Bi Ferrante, mwenyekiti wa baraza la mji, aliikunja ramani mwenyewe. "Tupige kura. Nani anataka tuanze na Garnet?" Mikono yote ya wajumbe ikapanda.

Baada ya wiki sita majibu yalitoka. Udongo ule ulikuwa na madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto, mara nane zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa. Watoto wote walipimwa damu. Ya Amos ilikuwa na sumu hiyo, ingawa daktari alisema imegunduliwa mapema. Alitakiwa asikanyage tena pale, anawe mikono kila mara na kurudi kupimwa. Ua mpya ulijengwa upesi. Kwa kuwa sasa ushahidi ulikuwepo, mji uliomba fedha za kusafisha, ukazipata. Majani yalipoanza kupukutika, malori yalikuja kuzoa udongo. Wiki hiyohiyo kipimo cha Amos kilionyesha kuwa sumu imepungua kwa nusu.

Bibi na Kezia walisimama dirishani wakiyatazama malori.

"Bado umenikasirikia, Bibi?"

"Nilikasirika sana. Ulinidanganya usoni. Yule bwana naye nilimkasirikia, maana aliamua mambo yetu bila hata kuja kututazama. Lakini fikiri, mwanangu. Yeye alisema hakuna anayeingia, na wewe kila jioni ulikuwa ukiniambia hivyohivyo. Uongo wako ulikuwa unamsaidia yeye." Alimshika bega. "Anayetaka kudai haki yake lazima aseme kweli, hata ile inayomwaibisha mwenyewe. Ulipoisema ndipo wakakosa pa kujificha."

Kezia aliitikia kwa kichwa, akaenda kumnawisha Amos mikono.