Nyumba Isiyotaka Kuachwa

Anastazia alipiga hodi kwa mazoea tu. Nyumba ilikuwa tupu tangu mwaka uliopita, mlango wake umeegeshwa, na nyasi zimeota mpaka kizingitini. Alijua hakuna mtu. Hata hivyo alisimama, akagonga ubao mara mbili, akasema, "Hodi wenyewe!"

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamke kutoka ndani.

Alidhani ni Hana, wifi yake, ametangulia. Akainama, akaingia. Tembe lile, nyumba ya udongo yenye paa bapa, lilikuwa na giza hata jua linapokuwa utosini, kwa hiyo alipapasa ukuta chumba baada ya chumba huku akiita. Hakumkuta mtu. Alipotoka nje, alimwona Hana ndiyo kwanza anatokea kwenye njia ya mashamba ya uwele, mtungi wa maji kichwani.

Hakumwambia. Yeye alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima pale Sepuka, mtu anayewashika wazee mikono wakiandika majina yao kwa mara ya kwanza. Angesemaje kwamba nyumba imemjibu?

Ulikuwa mwaka 1975. Mwaka uliotangulia malori yalikuja na mgambo, watu wakahamishwa na vyungu vyao na kuku wao kwenda kwenye kijiji kipya kando ya barabara, ambako nyumba zilipangwa kwa mistari. Matembe ya zamani yalivunjwa ili mtu asirudi nyuma. Lilibaki moja tu zima, la ukoo wa Mughwai, mwendo wa nusu saa kutoka kijijini. Anastazia alikwenda kwa katibu wa kijiji mara tatu kuliombea.

"Ndugu Katibu, watoto wetu watajuaje tulivyoishi?"

Katibu alikubali kwa sharti. Nyumba ikarabatiwe, vitu vya kale vikusanywe humo, na baada ya mavuno Bwana Utamaduni wa wilaya aje aione. Akikuta gofu, lingebomolewa siku hiyo hiyo.

Ndivyo kikundi kilivyoanza. Alikuwamo Anastazia; alikuwamo Hana, mke wa kaka yake Alute, aliyekuwa na mtoto wa miezi sita na mikono hodari ya kukandika udongo; alikuwamo Philipo, fundi seremala. Wa nne alikuwa Mzee Mughwai mwenyewe, mjane wa miaka sabini, aliyezaliwa ndani ya tembe lile. Aliitoa nyumba yake kwa moyo mmoja, lakini ndani hakuingia. Kila siku alikaa kwenye zizi la zamani, ameipa nyumba mgongo.

"Mzee, njoo utuonyeshe nani alilala chumba gani," Anastazia alimwambia.

"Nitawaeleza nikiwa hapa hapa, mwalimu. Fanyeni upesi. Jua likiegemea, tokeni."

Walikusanya vibuyu, mawe ya kusagia na vigoda vya miguu mitatu. Vigoda wakavipanga ukutani. Asubuhi ya pili walivikuta vimezunguka mafiga, kama watu walikuwa wamekaa wakiota moto. Philipo alicheka, akasema ni wachungaji. Asubuhi ya tatu vilikuwa pale pale tena, na majivu yalikuwa ya moto, na ndani ya nyumba mlinuka maziwa yaliyochemka mpaka yakafurika. Hakuna aliyecheka.

Siku ya nne Philipo alikuwa juu ya paa, anabadilisha miti iliyoliwa na mchwa. Chini ya miguu yake alisikia jiwe la kusagia likienda na kurudi, na mwanamke akimbembeleza mtoto kwa Kinyaturu cha zamani.

"Hana," aliita, "pumzika kidogo basi, jua kali hili!"

"Mbona nimepumzika?" Hana akajibu kutoka nyuma ya nyumba, kwenye shimo la udongo. Matope yalimfika magotini.

Philipo aliitazama miguu yake. Chini yake jiwe lilikuwa bado linasaga. Alishuka bila kugusa ngazi, msumeno akauacha juu.

"Mwalimu," alinong'ona, "humu ndani kuna mtu."

"Nyamaza. Hana asisikie."

"Tuache kazi hii."

"Tukiacha, wanabomoa. Bado chumba kimoja tu, Philipo. Kimoja."

Maneno hayo Anastazia aliyajutia mpaka alipozeeka.

Kesho yake, saa sita mchana, Hana alichukua karai la udongo akaingia kukandika chumba cha nyuma. Anastazia alibaki nje akisafisha vibuyu, na kwa muda alimsikia wifi yake akipiga udongo ukutani, pa, pa, pa, kisha ule mlio ukapungua, kisha ukakoma, na badala yake ukaja mlio wa mwiko ukikoroga chungu, taratibu, bila haraka, mlio ambao kila mtoto wa Singida anaufahamu na unaomfanya asogee jikoni, isipokuwa kwamba ndani ya nyumba ile hapakuwa na chungu, wala unga, wala kuni, na Anastazia aliposimama na kibuyu mkononi harufu ya uji ilikuwa imetoka mlangoni na kumzunguka kama mkono wa mtu anayekuvuta ndani kwa upendo.

"Hana!"

"Niko huku. Karibuni mle."

Ilikuwa sauti ya Hana, lakini imetulia mno.

Waliingia yeye na Philipo, wameshikana. Walimkuta Hana ameketi kwenye kigoda, mgongo umepinda kama wa kikongwe, anakoroga hewa kwa mkono mtupu juu ya mafiga yasiyo na moto. Aliwatazama na kutabasamu.

"Mmechelewa. Mughwai wangu yuko wapi? Mbona amekaa nje kama mgeni?" Kisha uso ukamvunjika kwa uchungu. "Kwa nini mliniacha peke yangu?"

Philipo alimbeba msobemsobe akakimbilia mlangoni. Mara walipovuka kizingiti, Hana alilegea kama nguo iliyolowa. Macho yaligeuka, pumzi ikakata. Anastazia aliweka sikio kifuani pake, hakusikia kitu. Wakamrudisha ndani, akavuta pumzi. Wakajaribu tena, akafa tena mikononi mwao, na midomo ikaanza kuwa ya kijivu. Hawakujaribu mara ya tatu.

Philipo alikimbia kijijini. Alirudi na Bibi Sara, mganga aliyeheshimiwa na Wakristo na Waislamu pia, na Alute nyuma yao amempakata mtoto anayelia kwa njaa. Alute aliingia mpaka mlango wa chumba.

"Hana, mama. Mwanao huyu. Mnyonyeshe."

Hana alimtazama mtoto kwa upole.

"Mtoto wa nani huyu?" aliuliza.

Alute alitoka nje, akakaa chini vumbini.

Bibi Sara hakuwasha ubani. Alikwenda moja kwa moja zizini, akasimama mbele ya Mzee Mughwai.

"Sema," alimwambia. "Mtoto wa watu anakwisha."

Mzee alisema akiwa ameinamisha kichwa.

"Wakati wa njaa kubwa, babu yangu alimkuta mwanamke kwenye mawe makubwa yale ya magharibi. Hakumwuliza ametoka wapi. Nyumbani kulikuwa na watoto saba wanakufa. Yule mwanamke akaingia jikoni akawapikia, na unga haukujulikana umetoka wapi. Wakapona wote. Miaka ikapita, babu akafa, baba akazeeka, yeye hakubadilika hata kidogo. Baadaye akawa haonekani, anasikika tu. Alitaka jambo moja: nyumba isibaki tupu hata siku moja. Mimi amenilea. Siku ya malori niliwaomba mgambo mtu mmoja tu abaki. Walinicheka wakanipandisha juu ya magunia."

"Kwa nini hukutuambia?" Anastazia alilia.

"Nilidhani mkija mchana mkaondoka jioni, ataridhika kusikia sauti za watu. Nilimhurumia, mwalimu. Na nilimwogopa."

"Tuibomoe sasa hivi!" alisema Philipo.

"Akiwa amemshika Hana? Mtamzika naye," Bibi Sara alijibu. "Na ubani hautafaa. Ubani ni wa kumfukuza mgeni. Huyu mmemkuta kwake."

Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Mzee Mughwai alisimama kwa shida, akavua makubazi, akayaacha zizini. Akatembea mpaka mlangoni. Pale alisimama kidogo, kisha akatamka neno moja la Kinyaturu, lile ambalo mtoto mdogo humwitia mama yake, akainama na kuingia.

Walisikia ndani kilio cha furaha, kilio cha mwanamke aliyeonyeshwa mtu aliyemdhania amekufa, kikapanda mpaka vumbi likamwagika kutoka kwenye miti ya paa. Halafu Hana akatoka anatambaa, amenyooka mgongo, anatapika maji ya kijivu, na maziwa yamelowesha gauni lake kifuani.

"Mwanangu! Nipeni mwanangu!"

Alute aliwafunika wote wawili kwa koti lake.

"Mzee, toka basi!" Anastazia aliita. "Hana amepona! Toka!"

"Mlitaka nyumba itunzwe," Mzee Mughwai alijibu kutoka gizani. "Itatunzwa. Nendeni. Kesho nileteeni unga na chumvi."

Hakuishi tena kijijini. Bwana Utamaduni alipokuja baada ya mavuno alisifu kila kitu: kuta zilivyokandikwa, vibuyu vilivyong'aa, sakafu iliyofagiliwa bila hata jani. Kikundi kilisimama nje. Hakuna aliyekubali kuingia naye.

"Mzee," alimwambia Mughwai pale mlangoni, akitoka huku akijifuta midomo, "mshukuru sana yule mama kwa uji. Ni nani wako?"

"Mama yangu."

Bwana Utamaduni alicheka sana. "Mama yako? Mbona wewe ndiye mwenye mvi!" Akapanda Landrova akaondoka.

Miaka mitatu Anastazia alipeleka unga kila Jumamosi, akauweka zizini, akasalimia kwa mbali na kuitikiwa. Wakati wa mvua za mwaka 1978 hakuitikiwa. Alirudi na Philipo. Walimkuta Mzee Mughwai amelala chali kitandani, ameoshwa, amepakwa mafuta, amefunikwa shuka jeupe mpaka kidevuni. Hakuna mtu wa kijijini aliyekuwa amefika pale. Uso wake ulikuwa mkavu, lakini shuka lilikuwa na matone ya maji kifuani, kama mtu alikuwa ameinama juu yake kwa muda mrefu.

Walimzika jioni ile ile, wakaondoka kwa haraka.

Siku ya tatu baada ya mazishi, watoto wawili wa kijiji kipya walikutwa njiani kuelekea kule, wameshikana mikono. Walisema wameitwa kula. Siku ya tano walikuwa sita. Siku ya saba, adhuhuri, watu wa nyumba za mstari wa kwanza walisikia mwanamke akipita mlango hadi mlango, akiuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu ndani, na wote walijifungia, wakawaziba watoto midomo.

Bibi Sara aliwaita wanakikundi kwenye darasa la watu wazima. Alute alikuja na Hana, na binti yao aliyekuwa sasa anatembea na kusema.

"Hatakoma," alisema Bibi Sara. "Zamani alimngoja Mughwai arudi; sasa hana wa kumngoja. Mkivunja nyumba, atachagua nyingine hapa kati yenu. Lazima mtu akakae naye. Mimi simteui mtu."

Philipo alitazama mikono yake. Anastazia alijua jibu ni lake. Ndiye aliyekwenda kwa katibu mara tatu, ndiye aliyesema bado chumba kimoja. Alifungua kinywa. Akachelewa.

Hana alikuwa amekwisha simama. Alimtoa binti yake begani, akamweka juu ya magoti ya Anastazia, akakunja kanga yake vizuri kiunoni. Uso wake ulikuwa umetulia.

Alute alimshika mkono. "Hana! Unakwenda wapi?"

Alimtazama mumewe kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekawia kuondoka.

"Nyumbani," alisema.