Upepo wa Hita

Watu hukumbuka hita miezi ya baridi. Mama Mkunga aliikumbuka msimu ambao lami ilikuwa inanata kwenye soli za viatu, na Fundi Rejeta, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alimuuliza kama anahamia nchi ya barafu. Mama hakucheka. Alisema ana baridi, basi. Tangu mumewe afariki ana baridi ambayo blanketi haiiwezi, na anataka hita ya gari ifanye kazi kama zamani.

Gari lenyewe mji mzima ulilijua. Lilikuwa la marehemu mumewe, karani mmoja mpole aliyeitwa Mzee Tai kwa sababu alivaa tai hata akiwa amelala chini ya gari, ameitupia begani isilowe oili. Rangi ya maziwa, bampa za kung'aa, usukani mpana kama sinia. Mzee Tai hakumruhusu fundi yeyote kuligusa. Rejeta alikuwa amelitamani miaka nenda miaka rudi, kimyakimya, na alipokabidhiwa ufunguo alifurahi, kisha akaona aibu kufurahi kwa sababu ya msiba wa mtu. Misiba aliijua. Mkewe mwenyewe alikuwa ametangulia, na majirani walisema Rejeta anapiga domo gereji kutwa kwa sababu nyumbani hana wa kusema naye. Hawakukosea.

Kiti cha nyuma alikaa bibi, mama mzazi wa Mzee Tai, mdogo kiasi kwamba fundi aliona kwanza mtandio, ndipo akamwona mwenye mtandio. Alikataa kushuka. Rejeta alipoinua boneti, bibi alishusha kioo taratibu akatoa kichwa nje.

"Mwanangu, hiyo hita iache," alisema kwa sauti ya chini. "Ina upepo."

"Ondoa shaka, bibi. Upepo tutautoa."

Alijibu hivyo kwa sababu ndivyo fundi yeyote angejibu. Kwa watu wa spana, upepo ni hewa iliyonaswa kwenye mipira ya maji. Maji ya moto hayapiti, hita inabaki baridi. Kuutoa upepo ni kazi ya kila siku, huwezi hata kujisifia. Bibi alipandisha kioo, akajifunika mtandio usoni. Baadaye Rejeta alikuja kujishika kichwa kila alipoikumbuka siku hiyo. Aliambiwa kwa Kiswahili chepesi kabisa, yeye akasikia kwa lugha ya gereji.

Alipochungulia nyuma ya injini aliona kwamba hita haikuwa imeharibika. Ilikuwa imefungwa. Mipira yake miwili ilichomolewa na kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe, ili maji ya moto yazunguke bila kufika kwenye hita. Hilo si geni, mafundi hufanya hivyo hita ikivuja. Kilichomshangaza ni vile vijibomba viwili vya hita vilivyobaki wazi. Vilikuwa vimezibwa kwa vipande vya mti, na juu ya mti pamezungushiwa kitambaa na kukazwa mafundo juu ya mafundo. Kitambaa kilikuwa tai, imekatwa vipande viwili.

Rejeta alicheka peke yake, akasema mzee huyu hata hita aliivalisha kwenda ofisini. Akachukua kisu akakata. Kile kimti cha kwanza kilipotoka, hita ilivuta hewa ndani kwa mlio mdogo, kama mtoto anavyovuta pumzi baada ya kulia sana. Ikafuata harufu. Hita iliyofungwa miaka hunuka kutu na mavi ya panya, hilo analijua kila fundi. Hii ilinuka mafuta ya kumpaka mtoto, na sweta lililonyeshewa mvua.

Alisimama kidogo na kisu mkononi. Kisha akajiambia kwamba magari ya watu yamebeba mambo mengi, akaendelea na kazi. Alisafisha hita, akavisha mipira mipya, akajaza maji, akawasha injini na kuanza kutoa upepo. Jioni ilikuwa inaingia na wateja wengine wanamwita. Alisikia bado kuna mgugumio nyuma ya dashibodi, glug, glug, dalili ya hewa iliyobaki, akaona si kitu, itajitoa yenyewe barabarani. Joto lilikuwa linapuliza. Mama Mkunga aliweka kiganja kwenye tundu la hewa akafumba macho.

"Mama yupo hapa," alinong'ona.

Rejeta alidhani anamsema mkwewe aliyekaa nyuma. Akaitikia kwamba ndiyo, bibi yupo, muwahi nyumbani. Bibi alikuwa analia ndani ya mtandio wake, bila sauti.

Alimwambia mama arudi baada ya siku mbili tatu aitazame tena ile hewa. Hakurudi. Aliyekuja ni bibi, kwa miguu, mchana wa jua kali, anajikongoja na mpini wa ufagio. Fundi alimkalisha kivulini akampa maji, na bibi hakuyanywa mpaka alipomaliza kusema.

Walikuwa na binti, alisema. Mmoja tu. Mama Mkunga, aliyezalisha nusu ya watoto wa mji huu, yeye mwenyewe alijaliwa mmoja. Mtoto akashikwa na homa siku ya mvua, wakamlaza kiti cha nyuma cha gari lile kumkimbiza hospitali, hita ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, naye anatetemeka na kusema, mama, baridi. Aliyasema hayo njia nzima. Hawakufika naye. Na baada ya maziko, kila hita ilipowashwa, sauti ile ikawa inatoka kwenye matundu, mama, baridi, mama, baridi, na mama mtu akawa hashuki garini. Mumewe alipoona mke anakauka kama kuni, akaifunga hita kwa mikono yake, akamdanganya kwamba imekufa.

"Yule si mjukuu wangu," bibi alisema. "Ni upepo. Ni jini. Lenyewe halina sauti, linaazima za watu waliokufa. Mwanangu alilifungia, wewe ukalifungulia."

Rejeta alibeba mfuko wa vifaa, akamshika bibi mkono.

Gari lilikuwa uani kwa Mama Mkunga, chini ya jua la saa saba, injini inaunguruma, vioo vyote vimepandishwa na vimejaa ukungu kwa ndani. Rejeta alifungua mlango, joto likamsukuma kifuani akarudi nyuma. Mama Mkunga alikuwa ameketi kiti cha dereva amevaa sweta. Midomo ilikuwa imepasuka. Ngozi ya mikono ilikuwa imejikunja kama ya mtu mwenye umri wa bibi, na katika joto lile, ambamo shati la fundi lililowa mara moja, mwili wake haukuwa na tone la jasho.

"Funga mlango," alisema pole pole. "Anasikia baridi."

Fundi alikwenda mbele akainua boneti, kwa sababu mtu akiogopa hukimbilia kazi anayoijua, na alitegemea kukuta maji yamepungua, kwani gari la zamani likiungurumishwa kutwa kucha bila kutembea lazima linywe maji, lakini rejeta ilikuwa imejaa mpaka inatapika, maji yanachuruzika kwenye kimpira chake cha pembeni na kutengeneza dimbwi chini, na hakuna mtu aliyeyajaza, bibi aliapa hakuna aliyeyajaza, basi akachovya kidole kwenye dimbwi lile akalamba kama alivyozoea kulamba ili kutofautisha maji ya gari na maji ya bomba, na ulimi ukamwambia kabla akili haijakubali kwamba yale maji yana chumvi, chumvi ya jasho, chumvi ya machozi, na kwamba mwanamke yule mle ndani alikuwa ananywewa, kidogo kidogo, kupitia matundu ya hita.

Alitema mate. Bibi alimsogelea akamuuliza kwa sauti ya kunong'ona kama anaweza kulifungia tena.

Rejeta aliwaza. Kufungia ni kulihifadhi tu, siku moja mtu mwingine angekuja na kisu. Isitoshe kazi yake aliiacha nusu, na alijua. Akamjibu bibi kwamba safari hii atautoa upepo, wote, mpaka kiputo cha mwisho.

Mama Mkunga alisikia. Alitoka garini kwa kujivuta, akaja kumshika fundi mkono wenye bisibisi. Vidole vilikuwa vikavu kama karatasi.

"Fundi, nakuomba," alisema. "Mimi nimepokea watoto wa watu wengi sana, wote niliwafunika wakapata joto. Wa kwangu amekufa ana baridi. Ukimtoa sasa, atakwenda na hiyo baridi. Mtoto wangu atabaki na baridi milele."

Hapo Rejeta akaelewa kwamba bisibisi haitoshi. Hata kama angefaulu, mama huyu angekaa ndani ya gari bovu mpaka amfuate mwanawe. Hakuwa amesikia sauti yoyote mpaka dakika hiyo, ni mgugumio tu. Aliinamisha kichwa kwenye injini, akatega sikio, akakaa hivyo kwa muda kama mtu anayesikiliza kweli. Moyo ulimuuma kwa alichotaka kufanya.

"Nimemsikia," alisema.

Mama alimkazia macho.

"Anasema joto limemtosha. Anasema, mama, sasa nasikia joto."

"Amesema hivyo?"

"Kwa masikio yangu, mama."

Mama Mkunga aliendelea kumtazama. Labda alijua. Mkunga amewadanganya wazazi wengi kwa huruma, huutambua uongo wa namna hiyo ukipita. Lakini mkono wake ulilegea, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akajikumbatia, akasema basi, fundi aendelee.

Rejeta alizungushia tambara mkononi akalegeza klipu ya mpira wa juu. Povu lilitoka likichemka, na kila kiputo kilichopasuka kilitoa harufu ile ya mafuta ya mtoto na sweta bichi. Kutoka kwenye matundu ya dashibodi, ndani ya gari lisilo na mtu, alikohoa mwanamume. Kikohozi cha adabu, cha mtu anayetaka kuanza kusema. Bibi, aliyekuwa amemhimiza fundi muda wote, alidondosha mpini wa ufagio.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kidogo, fundi. Ni mwanangu. Mwache amalize."

Fundi hakungoja. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye akalegeza klipu zaidi, bibi akimvuta shati kwa nguvu zake zote chache, na ile sauti ya kiume ikasema nusu ya jina la mama yake ikapasuka pamoja na kiputo. Bibi akaliachia shati. Povu likapungua. Maji yakaanza kutoka membamba, yakikatika na kuendelea, na Rejeta alijua kwa uzoefu kwamba imebaki hewa kidogo tu, pumzi moja ya mtu.

"Umekula?"

Ilikuwa sauti ya mkewe. Hakumwita jina, hakulia, hakuomba kitu. Aliuliza tu, kama alivyokuwa akiuliza kila jioni kabla hata ya salamu, na harufu ya povu ilikuwa imebadilika, ikawa sabuni ya kufulia na moshi wa jiko. Rejeta alibaki ameinama. Kidole gumba kilikuwa juu ya bisibisi. Angeikaza klipu wakati ule, pumzi ile ingebaki ndani, na hakuna binadamu ambaye angejua, kwa sababu hita ingefanya kazi vilevile. Angeweza kuwa anakuja mara moja moja, kwa kisingizio cha kuangalia maji. Alifikiri hayo yote na hakuona ubaya wake, na hilo ndilo lililomtisha kuliko chumvi ya yale maji.

"Umekula wewe?" sauti iliuliza tena, kwa upole zaidi.

"Nimekula, mke wangu," alisema Rejeta. "Nimeshiba kabisa. Wewe nenda."

Kiputo cha mwisho kilipanda, kikasimama kwenye mdomo wa mpira, kikapasuka. Maji yakatoka safi, yamenyooka, hayana mgugumio. Alichovya kidole akalamba. Hayakuwa na chumvi. Akaikaza klipu, akaikaza tena bila sababu, akafuta mikono kwa tambara ambalo lenyewe lilikuwa chafu kuliko mikono.

Kwenye ngazi Mama Mkunga alikuwa anavua sweta. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, akajipangusa akatazama kiganja chake kilicholowa, na ndipo akalia, kilio kirefu cha sauti, ambacho bibi alisema hakukisikia hata siku ya maziko ya mtoto. Bibi akamwendea mkwewe, wakashikana.

Rejeta aliingia garini azime injini. Kabla hajazungusha ufunguo aliweka kiganja kwenye tundu la hewa, akangoja. Hita ilikuwa imepona. Ilimpulizia joto mkononi, joto zuri, sawasawa na la gari lolote, na hapakuwa na kitu kingine ndani yake.