Mifuko Myeupe ya Safu ya Tisa

Jumatano ya pili ya Oktoba, saa tano na dakika arobaini asubuhi, Bhaurao, mlinzi wa ghala la dawa, aliingia shamba la pamba namba nne kutafuta pa kujisaidia. Alimkuta Nilkanth Dhole amelala kifudifudi kati ya safu ya nane na ya tisa, povu limemkaukia mdomoni. Kando yake palikuwa na gilasi ya chuma. Bhaurao alisahau haja yake akakimbia.

Nilkanth alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika chuo kikuu cha kilimo chenye shamba lile, mwaka wa nne wa utafiti wa pamba. Katika wilaya zile za Vidarbha, ambako wakulima wa pamba walioelemewa na madeni hujiua kila mwaka, mtu akifa kwa dawa ya wadudu ndani ya shamba la pamba, askari huanza kujaza fomu ya kujiua kabla hajamwona maiti. Inspekta Sharayu Tayade alifika saa sita na robo, naye kalamu alikuwa ameshaitoa. Kilichomzuia ni chupa. Gilasi ilinuka dawa, lakini chupa ya dawa haikuwepo, wala kopo, wala kifuniko. Mtu akishakunywa sumu haendi kutupa chupa.

Profesa Shripad Ghate, mkuu wa idara na msimamizi wa marehemu, alikuja kwa gari mpaka ukingoni mwa shamba, akashuka na kitambaa puani. Ndiye aliyemsaidia Inspekta kupata saa ya kifo, maana daktari alisema sumu na jua vimemvurugia hesabu. Profesa alieleza kwa utaratibu, kama yuko darasani. Jioni ua la pamba huhasiwa, yaani hutolewa sehemu zake za kiume, likavikwa mfuko mwekundu wa karatasi. Kesho yake asubuhi, kati ya saa mbili na saa tano, hupakwa chavua ya mmea mwingine, mwekundu ukavuliwa na mweupe ukavikwa.

"Safu ya tisa ilihasiwa jana jioni," alisema. "Tazama sasa. Yote myeupe. Kijana alikuwa hai asubuhi hii, na alifanya kazi mpaka akamaliza safu."

Yeye mwenyewe, alipoulizwa, alisema alikuwa akifundisha tangu saa mbili mpaka saa tano mbele ya wanafunzi sitini. Inspekta alivua mfuko mmoja kwenye safu ya tisa na mmoja kwenye safu ya nane, akaitia kwenye bahasha mbili. Hakuwa na sababu. Alifundishwa kuchukua kitu na kitu cha kukilinganishia.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Bhaurao. Ufunguo wa ghala alikuwa nao, na Nilkanth alimshitaki mwezi uliopita kwa kulala kazini. Alipigwa makofi mawili kabla ya kuulizwa jina. Kisha ikabainika kwamba tangu saa moja asubuhi alikuwa langoni akipokea magunia ya mbegu, watu kumi wanamwona. Aliachiwa na shavu lake limevimba, wala hakuna aliyemwomba radhi.

Wa pili alisalitiwa na gilasi. Chini ya kitako ilichongwa jina, kama vyombo vyote vya nyumba za kule vinavyochongwa siku ya kununuliwa: Kausalyabai Ingole. Alikuwa kibarua wa kuhasi maua, miaka ishirini na miwili kazini, mjane. Saa tisa alasiri alikuwa ameketi sakafuni mbele ya meza ya Inspekta, ingawa kiti kilikuwepo.

"Hii gilasi ni yako, mama?"

"Jina si unalisoma?"

"Ilifikaje pale?"

"Hukaa kibandani shambani, kwenye msumari wa nje. Za ndani ni za wasomi."

"Na Nilkanth aliinywea?"

"Yeye tu. Wengine wangeona heri wafe na kiu yao kuliko kugusa chombo cha mtu wa tabaka langu."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

Alijibu kwamba alikuwa shamba namba kumi na moja, kule bondeni, peke yake. Profesa aliwakuta jana yake saa kumi na moja jioni, yeye na Nilkanth wakimaliza kuhasi safu ya tisa, akamwambia yeye kesho asije huku, akapalilie kule. Kausalyabai akaenda zake, akawaacha Profesa na Nilkanth wamesimama.

"Profesa anasema hakukutuma, na kwamba jana hakukanyaga shambani."

Kausalyabai aliutazama ukuta. "Basi sikutumwa," alisema. Kisha akauliza safu ya tisa ina mifuko ya rangi gani. Alipoambiwa myeupe, alikunja uso. "Myeupe ya nani? Myeupe naikata mimi nyumbani, naigundisha kwa uji wa ngano. Ya leo bado imo kwenye kikapu changu, nenda ukaangalie. Nilkanth angepata wapi mingine?"

"Pengine ulimpa kisha ukamtilia dawa."

"Afande, mimi sikusoma, lakini hili nalijua. Ua lililohasiwa lisipopata chavua halikai. Siku ya nne litakuwa chini. Safu ya nane tuliichavusha Jumanne asubuhi, mimi na yeye, hiyo itashika. Ya tisa ikishika pia, ninyongeni. Ikianguka, mjue mwanangu Nilkanth hakuiona asubuhi ya Jumatano. Usiniamini mimi. Yaamini maua."

Mfa maji haachi kutapatapa, Inspekta aliwaza. Akamwamuru askari wa kike amkate kucha za vidole gumba zipelekwe maabara kuchunguzwa sumu. Zilikuwa ndefu, ngumu, za rangi ya chai. Mwanamke yule aliyekamatwa mbele ya majirani bila kutoa chozi, sasa alilia na kuficha mikono kwapani. Alisema msimu haujaisha. Alisema hizo si kucha, ni jembe lake, ua huhasiwa kwa ukucha wa gumba na msimamizi wa vibarua langoni hukagua vidole kila asubuhi. Walimshika watu wawili. Zilikatwa mpaka nyama.

Majibu ya maabara yalirudi Jumamosi. Kucha hazikuwa na kitu.

Jumapili saa moja asubuhi Inspekta alikwenda shamba namba nne peke yake. Safu ya nane ilikuwa imesimama, na ndani ya kila mfuko tunda changa la kijani limeshika. Maua ya safu ya tisa yalikuwa chini. Mifuko myeupe ilitapakaa mchangani pamoja na maua yaliyonyauka, na alipogusa lililobaki juu lilianguka mkononi mwake. Alichuchumaa pale kwa muda, akiona aibu, na aibu yenyewe ikawa hasira.

Saa nne alikuwa ofisini kwa Profesa Ghate. Alitoa mifuko miwili kwenye bahasha zake akaiweka mezani.

"Huu ni wa safu ya nane, una uji wa ngano, sisimizi wameshautafuna. Huu ni wa safu ya tisa, una gundi ya kiwandani. Mifuko ya kiwandani ni ile iliyo kwenye kabati lako, na ufunguo wa kabati umeuning'iniza hapo kiunoni."

"Mifuko huazimwa."

"Maua ya safu ya tisa yameanguka yote, Profesa."

"Bila shaka yameanguka," alisema Ghate kwa ukali, kama anayemsahihisha mwanafunzi mzito. "Saa kumi na mbili jioni ningepata wapi chavua? Sikudhani kuna askari wa kusubiri siku nne."

Alijisikia alichosema, akaushika ufunguo kiunoni. Nje ya dirisha mtu alikuwa akifagia.

"Kwa hiyo ulibadilisha mifuko tu," Inspekta alisema, "ili kifo kihamie asubuhi, wewe uwe darasani na yule mama awe bondeni bila shahidi. Ripoti ya utafiti nimeikuta sandukuni mwa marehemu, na kichwa chake nimekisoma. Pamba isiyoliwa na funza mwekundu. Mgunduzi: Kausalyabai Ingole, kibarua."

Profesa alicheka kidogo. Hakukana tena. Pengine alikuwa amechoka, au alitaka mtu amwelewe. Alisema ni kweli mmea ule aliuona yule mwanamke, ukingoni mwa shamba, miaka minne iliyopita, kama ng'ombe anavyoona majani. Alimwomba Nilkanth alifute jina. Alimwomba mara tatu, kijana akakataa mara tatu.

"Nimefundisha hapa miaka thelathini. Nikae ukumbini mbele ya waziri, jina la kwanza lisomwe la mtu ambaye gilasi yake hutundikwa nje?"

"Ukaitumia gilasi yake."

"Niliishika kwa kitambaa."

"Nilkanth alikubalije kunywa?"

"Nilimpelekea mtindi wenye chumvi na bizari ya kuficha harufu, dawa nimeshaichanganya nyumbani. Nikamwambia ripoti imepita, jina la huyo kibarua aliyemwita mama na yote. Alifurahi sana. Alitaka kwanza akamwite arudi wanywe pamoja." Ghate alinyoosha shati lake. "Nilimwambia atampa habari kesho."

Inspekta alimfunga pingu kwa mikono yake mwenyewe, akazikaza kuliko inavyotakiwa.

Kausalyabai alitoka mahabusu jioni ile. Aliomba gilasi yake. Aliambiwa ni kielelezo, itakaa mahakamani mpaka kesi iishe, naye hakuuliza itaisha lini. Jumatatu alfajiri alikuwa langoni pa chuo pamoja na wenzake, kwa kuwa msimu wa kuhasi ulibakiza wiki tano na baada yake hakuna kazi mpaka kiangazi kipite. Inspekta Tayade alikuwa amefika kabla yake, amesimama kando na sare yake.

Msimamizi wa vibarua alipita kwenye foleni akikagua vidole gumba kwa tochi. Alipofika kwa Kausalyabai aliitazama mikono yake, kisha akammulika anayefuata.

Inspekta alisogea. Alimweleza msimamizi kwamba mama huyu hana hatia, kwamba ndiye aliyefichua muuaji, na ndiye mgunduzi wa pamba ile ambayo chuo kitajivunia. Alisema ampokee, hata kama ni kwa neno lake yeye Inspekta.

"Nimesikia, Afande," alisema msimamizi. "Lakini hapa tunachukua wenye kucha. Huyu nani amemkata?"

Kausalyabai alitoka kwenye foleni bila kumtazama, akaifunga mikono yake ndani ya ncha ya sari, akashika njia ya kurudi kwao.