Stesheni ya Manga

Mvua ya alasiri ilikuwa imekatika Mokeira alipofunga kibanda chake cha kutengeneza redio na televisheni mjini Kisii. Alikuwa na safari ya Manga. Alikuwa ameikwepa safari hiyo tangu siku ya mazishi ya Mzee Thadeus, na kama si simu ya Mzee Ogeto, ndugu wa marehemu, angeendelea kuikwepa.

"Kuja uchukue hiyo treni yenu," Ogeto alikuwa amemwambia. "Hautaki, mimi nitaichoma."

"Imefanya nini, mzee?"

Ogeto alishusha sauti kama mtu anayechungulia nyuma yake.

"Shemeji yangu hakuli. Anashinda huko ndani na hiyo kitu mpaka giza. Majirani wanasikia akiongea na mtu. Wameanza kusema anafuga mashetani. Na wewe unajua huku kwetu mama mzee akianza kuitwa omorogi, hiyo maneno huishia wapi."

Mokeira alijua. Neno hilo, mchawi, likishamwangukia mwanamke mzee kijijini, hata mchungaji huogopa kumtetea. Alikuwa ameona kwa macho yake mahali palipokuwa na nyumba, pakabaki majivu na nguzo.

Kwa hiyo alifunga makatoni matupu kwa kamba, akapanda boda boda, akaelekea mlimani.

Njia nzima alimwaza Mzee Thadeus. Alifanya kazi ya reli tangu ujana wake, Nakuru, Voi, Kisumu, na alipostaafu akarudi Manga, mahali ambapo treni haijawahi kufika. Wenzake wakistaafu walinunua ng'ombe. Yeye alijenga reli. Katika chumba kilicho karibu na jiko aliweka meza ndefu, akaumba milima ya Manga kwa magazeti na uji wa unga wa ngano. Majani chai aliyafanya kwa sponji iliyochovywa rangi ya kijani, na migomba kwa nyasi kavu. Treni yake ndogo ilitoka Kisii, ikapita Masimba, ikapinda huko alikotaka yeye, kisha ikavuka daraja la mbao na kupanda hadi stesheni ya Manga, yenye benchi la njiti za kiberiti.

"Serikali imesahau kutuletea," alizoea kusema. "Mimi sijasahau."

Mokeira alienda huko mara ya kwanza kutengeneza transfoma iliyoungua. Ulikuwa mwaka ule mumewe alipomfukuza, na kila mtu aliyekutana naye alitaka kujua kulikoni. Mzee Thadeus hakumwuliza lolote. Alimvika kofia ya kazi, akampa filimbi, akamwambia treni haitaondoka mpaka yeye apulize. Mokeira akapuliza. Akacheka, kisha akalia, na mzee akajifanya anapangusa mabehewa mpaka alipomaliza kulia.

Tangu hapo hakukosa Jumapili hata moja, na mzee akawa anamwita Tata, yaani baba. Walikuwa watu wachache tu, mwalimu, fundi cherehani, karani wa kaunti, watu wazima wenye akili zao, wakizunguka meza kama watoto. Walikunywa chai ya mzee na kula ndizi zake. Treni ikianguka, mzee alivua kofia na kuyainamia mabehewa matupu: "Poleni sana, abiria."

Halafu asubuhi moja akaanguka yeye, katikati ya majani chai, na kapu lake mgongoni.

* * *

Jua lilikuwa limezama nyuma ya mlima Mokeira alipofika. Ukungu ulipanda kutoka bondeni. Kaburi lilikuwa palepale kando ya migomba, udongo wake bado haujashikana, umechimbikachimbika kwa mvua.

Ogeto alisimama uani na tochi mkononi. Hakutaka kukaribia chumba.

"Nilikata waya za stima juzi," alinong'ona. "Kwa panga. Nikafikiria itanyamaza."

"Na haikunyamaza?"

Ogeto alielekeza tochi mlangoni.

"Ingia tu, ujionee."

Mlango ulikuwa wazi. Mama Tryphosa, mjane wa mzee, alikuwa ameketi kwenye kiti, upande wa meza wenye stesheni ya Manga. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Mkoba wake ulikuwa mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Viatu vyake vilikuwa vimepakwa rangi.

Alikuwa amekonda mno. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Mwanangu," alisema kwa upole. "Karibu. Bado haijafika."

"Nini, mama?"

"Treni."

Mokeira aliweka makatoni sakafuni, akachutama mbele yake na kumshika mkono. Mkono ulikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje.

"Mama, hii treni haiwezi kutembea. Mota yake ninayo mimi. Tata alinipa niitengeneze kabla... kabla hajatuacha. Iko kwenye rafu kule kibandani. Hiyo injini ndani ni tupu."

"Najua ni tupu."

"Basi twende nyumba kubwa. Nikupikie hata uji."

Mama Tryphosa alitikisa kichwa. Alieleza taratibu, kama anayemweleza mgeni njia. Jioni ya kwanza baada ya mazishi, alikuja kufunga dirisha la chumba, akaikuta treni imesogea. Ilikuwa Kisii. Jioni iliyofuata ilitembea akiiona, ikafika Masimba, ikasimama. Tangu hapo kila jioni ilisogea kidogo. Jana ilisimama mbele ya daraja.

"Na kila ikisogea, mimi nasikia kuisha," alisema. "Lakini siumwi. Ni kama usingizi tu. Leo itavuka. Nimeoga, nimevaa."

"Mama..."

"Thadeus amenifuata, Mokeira. Usiniharibie."

Nje, balbu ya nyumba kubwa ilizimika. Kijiji kizima kilizimika. Stima zilikuwa zimepotea, kama kawaida ya jioni za mvua. Mbwa wa jirani alibweka mara moja, akakatiza kama aliyezibwa mdomo.

Kimya.

Kisha harufu ikaja. Mafuta ya cherehani, yale aliyotumia mzee kulainisha magurudumu. Machozi yalimtoka Mokeira kabla hajaogopa. Ilikuwa harufu ya Jumapili. Harufu ya mkono wa mzee begani mwake.

Lakini chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine. Udongo. Udongo mbichi wa chini sana, ambao haujawahi kuona jua.

Tik... tik... tik...

Chuma juu ya chuma.

Madirisha ya behewa la mbele yaliwaka, mwanga hafifu wa manjano, na treni isiyo na mota ikaanza kutembea.

Ilitembea polepole sana. Ilikanyaga daraja. Mbao ndogo zikalia, na sauti yake haikuwa ya mbao ndogo. Ilikuwa sauti ya daraja kubwa, zito, kama inayotoka mbali chini ya sakafu.

"Tryphosa..."

Mokeira aliisikia waziwazi. Ilikuwa sauti ya Mzee Thadeus, ile iliyokwaruza kwa moshi wa miaka mingi.

"Tryphosa... panda..."

"Nakuja," mama alijibu. Alitabasamu. Kichwa chake kilianza kuinama, na mkono uliokuwa mkononi mwa Mokeira ukawa mzito.

Mokeira aliinama, akachungulia dirisha la behewa.

Ndani kulikuwa na mtu.

Hakuzidi kidole. Alikuwa na lile koti la kijivu alilozikwa nalo, na mvi zilezile kisogoni. Alikuwa amekaa, amempa Mokeira mgongo. Mabega yale aliyajua. Moyo wake ulipasuka kwa furaha. Akasahau hofu yote.

"Tata," aliita. "Tata, ni mimi."

Hakugeuka.

Mokeira akauachia mkono wa mama, akazunguka meza mbio, ili amwone uso. Japo mara moja tu. Amuage vizuri, maana kifo hakikumpa nafasi. Akapiga magoti upande wa pili, akachungulia.

Huku nako alikuwa amempa mgongo.

Mvi zilezile. Kisogo kilekile. Hakikuwa na upande mwingine.

Treni ilikuwa imemaliza daraja, imebakiza mwinuko mfupi tu. Ng'ambo ya meza mama alikuwa amelaza shavu ukingoni, karibu na benchi la njiti. Mdomo ulikuwa wazi. Pumzi zilitoka moja... zikakawia... nyingine...

"Mama! Amka!"

Hakuamka.

"Panda..." ilisema sauti, na sasa ilikuwa na haraka.

Mokeira alishika reli ya mwinuko kwa mikono yote miwili. Vile vipande alivipigilia yeye mwenyewe, mzee akimshikia misumari. Chuma kilikuwa baridi kiasi cha kuunguza. Alivuta. Ngozi ya kiganja ikachanika. Akavuta tena, akilia, akiomba msamaha bila kujua anamwomba nani.

Reli ikang'oka.

Treni ilifika pale palipokuwa pamekatika. Ikasita. Wallahi ikasita, kama kitu kinachofikiri. Halafu ikainama, ikatumbukia gizani.

Kitu kilipiga yowe. Halikuwa yowe la mwanamke wala la mwanamume, na lilitoka chini ya sakafu.

Ogeto aliingia na tochi. Aliwakuta wote wawili chini. Mokeira alikuwa amemkumbatia Mama Tryphosa, akimsugua kifua. Na mama alikuwa anapumua, anakohoa, anampiga Mokeira usoni kwa ngumi zisizo na nguvu.

"Umemwangusha!" alilia. "Alikuwa amefika! Alikuwa amefika mlangoni, wewe mtoto, umemwangusha!"

* * *

Hakuna kilichochomwa. Mwangaza wa asubuhi ulipoingia, walipekua sakafu na kupata injini na mabehewa, vya bati na plastiki kama siku zote. Ndani ya behewa la mbele hakukuwa na kitu ila chembe za udongo mwekundu. Ogeto alivifungia kwenye katoni bila kuvigusa, kwa kutumia gunia, na Mokeira akavipeleka mjini. Majirani walimwona akiondoka navyo. Wakatosheka, wakaanza kusema mambo mengine.

Mama Tryphosa alihamia Masimba kwa bintiye, Lorna, mwenye duka la nguo karibu na stendi. Alirudi kula. Mashavu yakajaa tena kidogo. Lakini Mokeira akimtembelea, mama aligeukia ukutani, na Lorna akaomba radhi kwa niaba yake. Mokeira aliendelea kwenda hivyo hivyo. Alibeba maziwa, akaketi, akaondoka.

Jumapili zake zilikuwa ndefu. Mwalimu alijaribu kuwakusanya tena wale wenzao, wakaketi kwenye mkahawa mjini, wakasimulia vituko vya mzee, wakacheka. Mokeira alicheka nao. Kila walipomtaja aliona mgongo. Alijaribu kuukumbuka uso wa mtu aliyempenda kama baba, na uso haukuja. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kovu la kiganjani.

Siku moja, kabla ya giza, alimkuta mama ameketi peke yake kibarazani. Safari hii hakumgeuzia kisogo.

"Mokeira," alisema. "Uliuona uso wake?"

"Hapana, mama."

"Hata mimi." Alikunja kona ya leso yake, akaikunjua. "Nimewaza sana. Unajua, tangu tuoane Thadeus hakuwahi kuniita Tryphosa. Hilo jina lilimshinda ulimi. Alijaribu siku ya harusi mbele ya mchungaji, watu wakacheka mpaka akaona haya. Akaniita mama Lorna hata kabla Lorna hajazaliwa."

Mokeira aliketi kando yake.

"Kwa hiyo hakuwa yeye?"

"Sijui, mwanangu. Labda mtu akifa ulimi unafunguka."

Magari yalipita barabarani, moja moja yakiwasha taa. Mokeira alitaka kusema kwamba alifanya vile kwa sababu ya kuwapenda, yeye na mzee wote wawili, lakini mama alimtangulia. Akamshika mkono wenye kovu, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Sina kinyongo na wewe," alisema. "Ila nikwambie kitu, na usimwambie Lorna. Iliponiita jina, nilijua. Palepale nilijua kwamba huyo si mzee wangu."

"Mama..."

"Na bado ningepanda."

Alisema hivyo bila machozi, kisha akaomba aletewe chai.

Mokeira alipoaga, Lorna alimsindikiza hadi barabarani. Alishukuru kwamba mama ameanza kuongea. Alisema amepata nafuu kabisa, hata yeye Lorna amempa chumba cha peke yake, kile cha nyuma, kisicho na kelele.

"Usimlaze peke yake," Mokeira alisema.

"Kwa nini? Kuna nini?"

Mokeira alitazama nyuma. Kibarazani mama alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kikombe kimesimama njiani kati ya meza na mdomo, kama mtu anayesikiliza.

"Lala naye tu, dada," alisema. "Kitanda kimoja. Na umshike."